Kabla hujainua kamera, tafuta jiwe lilitoka wapi

Wapiga picha wanaoshuka huku Kusini huniuliza saa nzuri ya kupiga magofu ya Kilwa. Swali hilo nitalijibu hapa chini, maana jua letu lina mwenendo wake. Lakini mimi nikifika mbele ya jengo la kale huanza na swali jingine: jiwe la ukuta huu lilichimbwa wapi, na waliolichimba waliishi wapi? Nikishapata jibu, najua pa kusimama.

Kisiwa kilichonifunza hivyo kiko ng'ambo ya Ruvuma, mbali kusini: Ilha de Moçambique, yaani Kisiwa cha Msumbiji, kilichoipa nchi nzima jina. Ni kisiwa kidogo mno. Urefu ni kama kilomita 3, upana haufiki hata kilomita moja, na daraja lenye zaidi ya kilomita 3 linakiunga na bara. Hapo ndipo palipokuwa makao makuu ya utawala wa Wareno hadi mwaka 1898, na tangu 1991 kisiwa kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mimi nilizunguka kwa ndege hadi Nampula, kisha barabara. Njia ya pwani kupitia Palma na Mocímboa da Praia ingekuwa fupi kwa mtu wa Mtwara, ila vita vilivyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017 vimeiharibu, na simshauri mtu kuijaribu kwa ajili ya picha.

Ukitafuta picha za kisiwa hiki kwenye intaneti utaona upande wa kaskazini peke yake. Utaona ngome ya São Sebastião ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1558. Utaona kanisa dogo la Nossa Senhora do Baluarte, la mwaka 1522, limekaa kwenye ncha kabisa ya kisiwa nyuma ya ngome. Utaona na kasri jekundu la magavana. Ni majengo mazuri, nami nimeyapiga. Ngome inapendeza zaidi ukijua kwamba kisiwa hakina chemchemi, na kwamba paa na nyua zake zilijengwa kukinga mvua na kuipeleka kwenye birika. Piga mteremko wa sakafu na mifereji yake, utakuwa umepiga sababu ya watu kuweza kuishi pale wakati wamezingirwa.

Sasa tembea kuelekea kusini, kwenye mji wa makuti. Barabara inabaki juu, nyumba zinashuka. Mahali pengine paa za makuti ziko usawa wa magoti yako, na ili uingie uani unateremka. Kule chini ndiko mawe yalikochimbwa kujengea kasri, makanisa na maghala ya kaskazini. Waliochimba na vizazi vyao wakajenga ndani ya shimo walilobakishiwa, na mvua ikinyesha maji huwatuamia wao. Wakazi wengi wa kisiwa wanaishi upande huu. Picha ya ngome bila shimo hili ni nusu ya habari, tena ile nusu iliyozoeleka.

Kwa hiyo nilisimama mji wa mawe unapokutana na mji wa makuti, juu ya ukingo, asubuhi jua likitoka upande wa bahari kuu. Nilitumia lenzi ya milimita 85 ili makuti ya mbele na kuta za nyuma zisogeleane ndani ya fremu moja. Lenzi pana ingezitenganisha na kuifanya mipaka ile ionekane ya kawaida. Watu niliwasalimu kwanza. "Salama" inafungua mlango kaskazini yote ya Msumbiji, na Kimakua cha Masasi, hata kikiwa tofauti kidogo, kinaleta tabasamu. Akina mama waliojipaka msiro mweupe usoni wamechoka kupigwa picha na watu wasiowaamkia. Omba, ukikataliwa endelea na safari.

Nilivyorudi nyumbani nikaanza kuisoma Kilwa kwa jicho hilohilo. Jiwe letu ni tumbawe, la namna mbili. Lile gumu la nchi kavu hujaza kuta. Lile laini lilikatwa baharini likiwa hai na bichi, mafundi wakalichonga kabla halijakauka na kuwa gumu. Ndilo lililotumika kwenye mihrabu na fremu za milango. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa. Jiwe hili lina vitundu vingi, na jua la utosini huufanya ukuta mzima uonekane bapa, hauna uhai. Linataka mwanga wa ubavuni: kabla ya saa mbili na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni.

Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi. Ndiyo maana vyumba vya kale pwani nzima ni vyembamba na virefu, hata Husuni Kubwa, kasri la sultani la karne ya 14. Humo chukua lenzi ya milimita 24, uelekee urefu wa chumba, kamera ikae wima sawasawa, kuta zisiinamiane.

Na kibla. Kutoka Kilwa, Makka iko karibu kaskazini kamili, hivyo uso wa ndani wa mihrabu unatazama kusini. Miezi ya kusi, Juni na Julai, jua linapita upande wa kaskazini na uso ule unabaki kivulini kutwa; mwanga wake ni wa utulivu, mzuri kwa kupiga nakshi hata saa sita mchana. Desemba jua limehamia kusini, na adhuhuri linateleza kwenye uso huo kutoka juu, kila mchongo unatoa kivuli. Sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu, iliyo ya zamani zaidi, haina paa, kwa hiyo hesabu hii inafanya kazi. Mimi nachagua Julai, kwa sababu Desemba vivuli vinakuwa vikali na hewa imejaa mvuke.

Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, panga kwa maji, siyo kwa jua. Siku za bamvua, maji yakitoka, mashua itakushusha mbali na utatembea kwenye tope la mikoko na begi kichwani.

Hapa Mikindani wageni hupiga Boma la Wajerumani la mwaka 1895, kisha wanaondoka. Nyumba za matumbawe zilizo chini yake, zenye milango ya nakshi, zinaanguka moja moja, na mawe yake yanakwenda kwenye misingi mipya. Nyingine zinapigwa plasta ya saruji kwa nia njema. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya ukuta wa chokaa, na jiwe linamumunyuka kwa nyuma bila mtu kuona. Nazipiga sasa ukuta kwa ukuta, mlango kwa mlango, na kila mwenye nyumba anabaki na nakala zake zilizosafishwa kwenye karatasi. Mwezi huu niko mitaa ya karibu na ghuba. Kama ni nyumba ya bibi yako na bado ina boriti zake, nikaribisheni kabla fundi hajaja.