Wadudu wa maua ya kiangazi Malindi: yanayosemwa na ukweli wake

Kaskazi ikivuma na nyasi za njia ya Marafa zikikauka, ua moja dogo jeupe lenye kitovu cha njano huwa bado limesimama kwenye bua lake jembamba. Kitaalamu ni Tridax procumbens, jamaa ya alizeti na kishona nguo. Wadudu wanaolizuru huzushiwa mengi.

"Mwenye mistari ya njano na nyeusi anauma."
Wengi wa hao wanaoelea hewani bila kusogea ni nzi tu. Subiri atue: nzi ana mabawa mawili, nyuki na nyigu wana manne. Macho yake yamejaa karibu kichwa kizima, vipapasio ni vifupi mno. Mwiba hana, mavazi ya nyigu ni ya kuwatishia ndege. Mabuu wa aina nyingi za nzi hawa hula vidukari, wale wanaofyonza kunde zetu. Tunamuua mlinzi, kisha tunakwenda dukani kununua dawa!

"Kila nyuki ana mzinga na asali."
Aina nyingi za nyuki huishi pweke. Jike huchimba shimo kwenye ardhi kavu iliyo wazi (ile tunayoiita kiwanja kitupu) au hutafuta tundu kwenye mti mkavu. Yuko mmoja anayebeba chavua chini ya tumbo badala ya miguuni, hata tumbo likawa la njano tupu. Huyo ndiye hukata vipande vya mviringo kwenye majani ya bogainvilia, akavitandika chumbani mwa yai lake. Wenye bustani humsingizia kiwavi na kupulizia dawa. Mti wenyewe hauna neno.

"Hilo ni ua moja."
Kitovu ni vijiua vingi vilivyosongamana, hufunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati. Ndiyo maana kipepeo hutua mara moja, akachomeka mrija hapa na pale bila kuhama.

"Ni mmea wa asili ya kwetu."
Hapana, asili yake ni Amerika ya kitropiki. Nyuki hawaulizi.

"Panda maua, vipepeo watajaa."
Maua humlisha kipepeo mzima tu. Kiwavi hutaka majani ya mimea maalumu. Wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao hufuga vipepeo kupitia mradi wa Kipepeo ulioanza Gede mwaka 1993, hulijua hilo vizuri: kwanza hupanda chakula cha kiwavi.