Kipepeo mkia-mbayuwayu ni nini?

Jina hili linahusu vipepeo wa familia ya Papilionidae, yenye spishi zaidi ya 550 katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Wengi wao wana kimkia kinachochomoza kwenye kila bawa la nyuma, mfano wa mkia wa mbayuwayu wenye panda.

Lakini mkia usikudanganye. Papilio demodocus wa Afrika, yule mweusi mwenye madoa ya manjano anayetaga kwenye michungwa na milimau, hana mkia hata kidogo. Ornithoptera alexandrae wa Papua New Guinea, kipepeo mkubwa kuliko wote duniani, ambaye jike akitandaza mabawa hufikia sentimita 25, naye hana. Papilio dardanus ndiye anayechanganya zaidi: dume ana mikia, ilhali majike wengi wa Afrika bara hawana, kwa kuwa wameiga sura ya vipepeo wenye sumu ambao ndege huwakwepa.

Alama ya uhakika iko kwa kiwavi. Mguse taratibu nyuma ya kichwa, na kiungo laini chenye panda, kama ulimi wa nyoka, rangi ya chungwa au nyekundu, kitachomoza ghafla, kinuke vikali, kisha kirudi ndani. Hiki ndicho osmeteriamu, silaha yake dhidi ya sisimizi na maadui wengine wadogo, na vipepeo wa familia nyingine hawana. Kiwavi mchanga wa demodocus hufanana kabisa na kinyesi cha ndege: kahawia iliyokoza, na baka jeupe katikati. Akikua hugeuka kijani, akapotelea kwenye majani.

Wakati wa kuwa pupa, wengi hujishikiza kitako kwenye kifundo cha hariri, kisha hujifunga mkanda wa uzi kiunoni, kichwa kikiwa juu. Ukiwafuga, uzi huo usiuguse. Ukikatika, mwegeshe pupa karibu na kijiti kikavu chenye gome la kukwaruza. Kipepeo akitoka, mabawa yake huwa madogo, laini, yamekunjamana. Hana budi kupanda na kuning'inia, mabawa yakielekea chini, huku akisukuma maji ya mwili ndani ya mishipa yake hadi yanyooke. Akikosa pa kushika, yatakauka yakiwa yamejikunja, na hayanyooki tena maisha yake yote.