Bia nyeusi si lazima iwe kali

Kwenye baa zinazojipikia bia, wengi huamini kwamba nyeusi ndiyo kali. Imani hii ina chanzo: stauti, yaani bia nyeusi, za chupa tulizozizoea nchini huwa na kilevi kingi kuliko laga, bia za kawaida za rangi ya dhahabu. Lakini weusi wenyewe hutoka kwenye kimea kilichokaangwa hadi kikafanana na kahawa, na kiasi kidogo tu, mara nyingi chini ya 10% ya kimea chote, hutosha kugeuza pipa zima kuwa jeusi. Kilevi kinategemea sukari iliyoliwa na hamira. Uchungu nao si kipimo: kwenye mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga, unaletwa na magome ya msesewe, wakati kilevi kinatokana na ndizi mbivu na kimea cha ulezi.

Muulize mpishi vipimo vya haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kupima uzito wa kimiminika, kabla na baada ya bia kuchachuka. Ukiwa na 1.050 na 1.010, toa, zidisha kwa 131: unapata kilevi cha kama 5.2%.

Halafu onja mililita 100 za kila aina ya bia ukiwa umefumba macho na uipe alama, bia ikiwa nyuzijoto 8 hadi 12. Ikiwa baridi sana ladha hujificha, na alama utakazotoa zitakuwa za ubaridi.