Mota kubwa haishushi pumba iliyoganda

Kwenye mashine za chakula cha kuku pale Nyakato, Mwanza, pumba ikikwama kwenye hopa, yaani tangi lililochongoka chini lenye mlango wa kushushia, utasikia: "Fungeni vaibreta kubwa zaidi," yaani mota ya kuitikisa hopa. Sivyo. Pumba na unga wa dagaa vikitikiswa huku mlango wa chini umefungwa, hewa iliyo kati ya chembe hutoka na mzigo hujishindilia, kama gunia linavyogongeshwa chini ili lijae zaidi. Nguvu ya mtikiso inayotosha kwa kawaida ni kama moja ya kumi ya uzito wa mzigo uliomo kwenye sehemu ya chini iliyochongoka, si hopa nzima. Na mota iwake mlango ukiwa wazi tu.

Fungua vifuniko vya mota: kila ncha ya shafti ina vyuma vilivyoegemea upande mmoja. Hivyo ndivyo vinavyotikisa. Nguvu hupunguzwa au kuongezwa kwa kuvizungusha, na ncha zote mbili zipangwe sawasawa, la sivyo beringi italiwa upesi. (Zima umeme kwanza, nimeshaona fundi akisahau.) Bolti zikazwe upya baada ya saa chache za mwanzo, maana mtetemo huzilegeza. Grisi nayo ikizidi, beringi huchemka.