Unyayo wa tairi: jinsi ya kuchagua matairi na upepo wa autokrosi

Unyayo wa tairi ni ile sehemu ya mpira inayogusa ardhi kwa wakati mmoja. Tairi ni la duara, lakini uzito wa gari hulibana chini likawa bapa kidogo, na hapo penye ubapa ndipo kazi yote inapofanyika: kuvuta, kusimama, kukata kona. Gari zima linasimama juu ya nyayo nne ambazo kila moja ni kama kiganja cha mkono.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme gari na dereva wake ni kilo 1,000, na kila tairi limebeba kilo 250. Umejaza upepo wa 30 psi (pauni kwa kila inchi mraba, kipimo cha presha kwenye geji), ambao ni takriban kilo 2.1 kwa kila sentimita mraba. Gawanya 250 kwa 2.1, utapata sentimita mraba kama 119, yaani kipande cha mraba cha sentimita 11 kwa 11. Punguza upepo hadi 20 psi na unyayo unakaribia sentimita mraba 178. Tairi halisi halifuati hesabu hii sawasawa, maana mashavu, yaani kuta za ubavuni mwa tairi, nayo yana ugumu wake na hubeba sehemu ya mzigo. Lakini mwelekeo ni huo huo: upepo ukipungua, unyayo hupanuka.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtu akisikia kwamba unyayo mkubwa ni kushika zaidi, anakimbilia kutoa upepo. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza nilipoingia kwenye kiwanja cha vumbi huku Pwani kucheza autokrosi, mchezo wa magari ambamo dereva anashindana na saa. Nilitoa upepo mpaka mashavu yakalala, na kwenye kona ya tatu tairi la mbele likavuka mdomo wa rimu, upepo wote ukatoka kwa mpigo mmoja. Jioni nililipeleka kwa fundi wa pancha Kongowea, Mombasa, mzee ambaye amekaa na matairi kabla mimi sijazaliwa. Alilizungusha kimya, akaniuliza, "Mwanangu, hili ulilitilia upepo ngapi?" Nikamwambia, "Kumi na nane, ami." Akaguna. "Upepo ndio mfupa wa tairi. Wewe umeutoa mfupa, sasa wataka nyama isimame peke yake."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Upepo haushiki ardhi. Mpira ndio unaoshika. Kazi ya upepo ni kuusimamisha mpira ili uso wake wote ukae chini wakati gari linaegemea upande. Ukiwa mchache, gari likikata kona shavu hujikunja, bega la tairi hubeba mzigo peke yake, na katikati ya uso hujiinua. Unyayo uliokuwa mpana gari likiwa limesimama unakuwa mwembamba pale pale unapouhitaji. Ukiwa mwingi, uso wa tairi huvimba katikati, mabega hayagusi, na gari hurukaruka juu ya kila kokoto. Dereva wa autokrosi anatafuta mahali fulani kati ya hali hizo mbili, na mahali hapo hubadilika kwa ardhi, kwa gari na kwa joto la siku.

Na ardhi ndiyo ya kwanza, kwa sababu jina hili autokrosi lina maana mbili duniani. Marekani, autokrosi huchezwa juu ya lami au saruji, mara nyingi kwenye eneo kubwa la kuegeshea magari au uwanja wa ndege, na njia huchorwa kwa koni za plastiki. Chama cha Sports Car Club of America huuita mchezo huo Solo. Kenya, kama Uingereza, autokrosi ni ya ardhi tupu: vumbi, changarawe, nyasi, na mvua ikinyesha, matope. Kote kuwili dereva anashindana na saa. Kwa hiyo ukisoma ushauri wa matairi ulioandikwa na Mmarekani, uliza kwanza anazungumzia ardhi gani. Ushauri wake unaweza kuwa sahihi kabisa kwake na ukakuharibia rimu wewe.

Juu ya lami mtu hutaka tairi pana, lenye mifereji michache, mpira laini na shavu fupi. Matairi yanayouzwa Marekani huwa na namba ubavuni inayokadiria kasi ya kuisha kwa mpira, ikilinganishwa na tairi la kipimo lililopewa 100. Namba ikiwa ndogo, mpira huwa laini na huisha upesi. Ikiwa 500, tairi hilo limekusudiwa safari ndefu. Katika madaraja ya magari ya kawaida ya Solo, kanuni hutaka namba isipungue 200, ili mashindano yasigeuke kuwa vita vya nani ana pesa za kununua mpira wa kutupa kila wiki.

Juu ya vumbi letu mambo yanageuka. Tabaka la juu ni unga. Lililo gumu liko chini yake. Tairi pana huelea juu ya unga, jembamba huukata na kufika chini. Ndiyo maana ningechukua tairi la upana wa milimita 175 au 185 kwenye rimu ya inchi 14 au 15 kuliko kuweka rimu kubwa ya inchi 17 yenye tairi kama utepe. Rimu ndogo inakupa shavu refu, na shavu refu ndilo linalookoa rimu ikikutana na jiwe. Huku kwetu chini ya udongo kuna mawe ya matumbawe, na jiwe la tumbawe likivunjika huacha ncha kali kama kigae. Tairi la rali la changarawe lina mashavu yaliyoimarishwa na meno makubwa yenye nafasi kati yake; ukipata yaliyotumika ambayo bado yana meno, na kanuni za mashindano unayoingia zinayaruhusu, hayo yatakufaa kuliko tairi jipya la barabarani lenye mapambo. Usipoyapata, tafuta tairi la kawaida lenye matuta yaliyoachana, si lile lenye mistari mirefu iliyonyooka.

Kabla ya kulipa, soma umri wake. Ubavuni, mwisho wa mfululizo wa herufi zinazoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka kwa jua na kwa hewa, hata kama haujatembea. Bonyeza ukucha wa kidole gumba juu ya jino la tairi. Likiwa kavu kama soli ya kiatu cha zamani, au likiwa na nyufa ndogondogo kwenye shavu, liache hata kama meno yamejaa. Na ukikuta tairi lililotoka Japani likiwa limechanwachanwa mistari myembamba juu ya kila jino, hilo ni la theluji. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Ukiligusa utalipenda, litanasa kidoleni, lakini kwenye joto la Mombasa meno yake huyumba kila ukigeuza usukani na huisha haraka.

Sasa namba. Anzia kwenye kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva, ambacho ndicho kipimo cha mtengenezaji kwa gari hilo. Gari kutoka Japani mara nyingi huandikwa kwa kilopaskali: 220 ni kama 32 psi, 230 ni kama 33. Namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe, labda 44 au 51 psi, ni kikomo cha tairi. Haisemi gari lako linataka ngapi. Hili nalisisitiza kwa sababu nimewaona vijana wakimwambia mwenye mashine ya upepo ajaze "ile iliyoandikwa kwenye tairi," kisha wanashangaa gari linateleza kama limepakwa mafuta.

Kwa lami na tairi la kawaida la barabarani, panda juu ya kibandiko kwa psi 4 au 5, hasa mbele, ili shavu lisijikunje. Kwa vumbi na changarawe, shuka: gari dogo lianze na 28, na ardhi ikiwa na mawe mengi, rudi 30. Hizo ni namba za kuanzia tu.

Kuna jambo moja ambalo Mombasa halina mzaha, nalo ni joto. Upepo uliofungiwa ndani ya tairi hupanda kadiri unavyopata moto, na kwa upepo wa karibu 30, kila nyuzi 10 za selsiasi huongeza kama psi 1.5. Ukijaza 30 alfajiri nyuzi zikiwa 25, kisha tairi jeusi likakaa juani mpaka likafika 45, geji itakuonyesha 33 kabla hujawasha injini. Baada ya mizunguko kadhaa likifika 55, unakaribia 34.5. Kwa hiyo tunatofautisha upepo wa baridi, uliopimwa kabla tairi halijapata jua wala mwendo, na upepo wa moto, uliopimwa mara tu ukitoka njiani. Upepo wa moto ndio unaoendesha nao. Anayeandika 28 kwenye daftari bila kusema ni ya saa ngapi hajaandika kitu.

Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, ugumu unazidi. Gari likiegeshwa ubavu mmoja juani, matairi ya upande huo yatasoma juu kuliko ya kivulini, na ukiyasawazisha hapo hapo umelipotosha gari: yote yakishapata moto, upande uliokuwa kivulini utazidi. Yafunike kwa turubai au magunia, yote manne. Unyevunyevu wetu nao una lake. Mtungi wa kompresa hukusanya maji, na maji yakiingia kwenye tairi hugeuka mvuke na kuongeza presha zaidi ya hewa kavu. Mwombe mwenye mashine afungue koki ya chini atoe maji kwanza. Watu hulipia nitrojeni kwa sababu hii. Faida yake kubwa ni kwamba ni kavu, kwani hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni asilimia 78.

Kutafuta namba yako kunataka geji moja, yako mwenyewe, ile ile kila siku. Geji za vituo vya mafuta hazikubaliani, na tofauti ya psi 2 kati ya kituo na kituo inatosha kukufanya uamini uongo. Kwenye lami, paka chokaa kwenye bega la tairi, kuanzia ukingoni mwa uso hadi mwanzo wa shavu. Matairi mengi yana alama ndogo ya pembetatu begani. Endesha mzunguko mmoja kwa nguvu, kisha utazame. Chokaa ikifutika mpaka kwenye pembetatu, uko sawa. Ikifutika hadi chini kwenye shavu, tairi linalala, ongeza psi 2. Ikibaki juu ya ukingo, punguza 2. Kwenye vumbi chokaa haidumu. Hapo soma mikwaruzo kwenye shavu, tazama kama mdomo wa rimu umegonga, na sikiliza mikono yako kwenye usukani.

Kisha linganisha mbele na nyuma. Magari mengi madogo tunayoyatumia huvuta kwa magurudumu ya mbele, na karibu asilimia 60 ya uzito iko huko, kwa hiyo tairi za mbele huvuta, hukata kona na hubeba sehemu kubwa ya kusimama. Ndiyo maana hulalamika kwanza: umegeuza usukani lakini gari linaendelea kusukuma mbele. Kwenye lami, dawa mojawapo ni kuongeza upepo wa nyuma psi 2 au 4, ili nyuma ishike kidogo kuliko mbele na mkia ukubali kuzunguka. Mkia ukianza kukimbia kabla hujauita, punguza nyuma. Badilisha upande mmoja tu kwa wakati, mbele au nyuma, kisha pima kwa saa. Ukibadilisha vyote viwili na muda ukashuka, hujui umshukuru nani.

Mashindano yakiisha, jaza tena kabla ya kuingia barabara ya Malindi. Tairi ulilolishusha hadi 28 adhuhuri likiwa na nyuzi 45, usiku likipoa hadi 25 litasoma kama 25 psi. Ukilibebesha abiria na vyombo kwa mwendo wa barabara kuu, shavu litajikunja kila mzunguko mpaka lijichome kwa ndani, na hilo hulioni kwa nje. Mimi hubeba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Usiku huo najaza mpaka 32, na asubuhi, tairi likiwa bado baridi, napima tena.