Mchimbaji wa Makaa ya Mawe, Faili Lako la Afya Linasemaje?

Wachimbaji wengi wa makaa ya mawe huja kupimwa wakiwa na swali moja: "Daktari, nimepita?" Huwezi kuwalaumu. Karatasi wanayorudi nayo kazini mara nyingi ina jibu la neno moja tu, anafaa au hafai. Lakini kwa mtu anayefanya kazi kwenye vumbi, shabaha ya uchunguzi wa afya ni kuukamata ugonjwa ungali mdogo, kabla mwenyewe hajausikia mwilini. Kipimo kikigeuzwa kuwa mtihani wa kufaulu na kufeli, ugonjwa hupita katikati ya karatasi bila kuonwa na mtu.

Hilo limeshatokea. Katika jimbo la Queensland, Australia, wachimbaji walikuwa wakipimwa kwa mpango wa serikali, na kwa miongo kadhaa iliaminika kwamba ugonjwa wa mapafu meusi, yaani ule unaoletwa na vumbi la makaa, umekwisha huko. Mwaka 2015 wagonjwa wakaanza kugundulika, mmoja baada ya mwingine. Tathmini ya wataalamu wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Monash, iliyotoka mwaka 2016, ilikuta kwamba picha za kifua zilipigwa na fomu zilijazwa. Tatizo ni kwamba picha hazikusomwa kwa mfumo wa kimataifa uliowekwa kwa magonjwa ya vumbi, vipimo vingi vya pumzi vilikuwa na ubora duni, na mpango mzima ulijielekeza kwenye kufaa kazi kuliko kutafuta dalili za mapema. Baadhi ya picha ziliposomwa upya, ugonjwa ulikuwemo.

Vumbi linaloleta madhara haya si lile unaloliona likitimka na kukupaka uso. Hilo kubwa hunaswa puani na kooni, ukalitema. La hatari ni chembe zenye upana wa chini ya mikroni 5 hivi (mikroni 1 ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa binadamu una kama mikroni 70. Chembe hizo huteremka hadi kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa pafu. Seli za ulinzi huzimeza, hushindwa kuzisaga, na mahali hapo hubaki kovu. Kovu halipitishi hewa, na mpaka leo hakuna dawa ya kulirudisha pafu lilivyokuwa. Mara nyingi hupita miaka 10 au zaidi tangu mtu aanze kazi ndipo madoa yaonekane kwenye picha, na wakati huo anaweza kuwa bado anapanda ngazi bila kutweta.

Penye mwamba hali huwa mbaya zaidi. Tabaka la makaa linapokuwa jembamba, mashine hukata na mawe ya juu na ya chini, na mawe hayo yana silika, aina ya madini ambayo hulidhuru pafu kuliko makaa yenyewe. Wanaotoboa paa la mgodi ili kufunga bolti hufanya kazi ndani ya vumbi la aina hiyo. Nchini Marekani, kliniki tatu za kusini-magharibi mwa Virginia zilikuta wagonjwa 416 wa hatua kali ya ugonjwa huu kati ya mwaka 2013 na 2017. Hii ni nchi yenye sheria ya kuwapima wachimbaji tangu mwaka 1969, na kikomo chake cha vumbi la makaa kilishushwa mwaka 2016 kutoka miligramu 2 hadi 1.5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwa hiyo nikisikia mtu akisema mgodi wa kisasa hauna ugonjwa wa kizamani, huwa namuuliza ni lini mara ya mwisho wafanyakazi wake walipigwa picha, na nani alizisoma.

Kuhusu hizo picha: eksirei ya kifua ya mchimbaji haisomwi kama ya mtu aliyekuja na homa. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lina seti ya picha za mfano, na msomaji aliyefunzwa huiweka picha yako kando ya zile za mfano na kulinganisha wingi wa madoa, kuanzia daraja 0 hadi 3. Huandika tarakimu mbili. Ukiona 1/0, maana yake ameamua ni daraja la 1 lakini alifikiria kwa uzito kwamba huenda ni 0. Ukiona 0/1 ni kinyume chake. Hapo kwenye mpaka wa 0 na 1 ndipo uchunguzi mzima unapopata thamani yake, kwa kuwa ndipo mtu anapoweza kuondolewa kwenye vumbi akiwa bado na mapafu ya kutosha. Doa likizidi sentimita 1 tayari tumeingia kwenye hatua kali, na huandikwa kwa herufi A, B au C kulingana na ukubwa. Taarifa inayosema tu "kifua kiko sawa", bila tarakimu hizo, haitoshi kwa mchimbaji. Wengine huogopa mionzi. Picha moja ya kifua hutoa dozi ya takriban milisivati 0.1, kiasi ambacho mwili hukipata kutoka mazingira ya kawaida kwa siku chache.

Kipimo cha pili ni cha kupuliza, spirometria, na hiki ndicho kinachoharibiwa zaidi na haraka. Unabanwa pua, unavuta hewa mpaka kifua kinajaa kabisa, unafunga midomo kwenye mrija, kisha unaitoa yote kwa nguvu moja. Mpimaji mzuri hupaza sauti kama kocha: "Puliza, puliza, endelea, endelea, bado!" Lazima apaze, kwa sababu mtu mzima huhitaji kuendelea kwa sekunde 6 hivi, na baada ya sekunde 2 kila mmoja hudhani amemaliza. Mipulizo mizuri itakiwayo ni mitatu, na miwili iliyo bora isitofautiane kwa zaidi ya mililita 150. Ukiingia chumbani ukapuliza mara moja na kuambiwa "tayari, aje mwingine", hicho hakikuwa kipimo.

Tuchukue mfano wa mchimbaji mwenye umri wa miaka 30, ambaye hewa anayotoa katika sekunde ya kwanza ni lita 4.4. Miaka 5 baadaye anapata lita 3.7. Mashine hulinganisha matokeo yake na wastani wa watu wa umri, urefu na jinsia yake, na lita 3.7 bado inaangukia ndani ya kawaida. Karatasi inasema yuko sawa. Lakini mtu asiyevuta sigara hupoteza mililita 30 hivi kwa mwaka kwa sababu ya umri tu. Kwa miaka 5 ni kama mililita 150. Huyu amepoteza 700. Kuna kitu kinamla, na ukiitazama karatasi ya leo peke yake hutakiona hata uivae miwani. Ndiyo sababu kipimo cha siku ya kuajiriwa, kabla mtu hajashuka shimoni, ni muhimu kuliko vyote vinavyofuata, na kampuni inayotupa mafaili ya zamani inatupa nusu ya uchunguzi.

Sigara hapa huleta ubishi. Ni kweli huharibu mapafu, na mchimbaji anayevuta anajiongezea mzigo. Lakini vumbi la makaa peke yake linaweza kuziba njia za hewa za mtu ambaye hajawahi kugusa sigara, na madoa yale ya kwenye picha hayaletwi na moshi wa sigara. Msimamizi anayefunga faili kwa kusema "ni mvutaji huyo" hajajibu kitu.

Kuna sehemu ya uchunguzi isiyo na mashine, nayo ni historia ya kazi. Kuandika "mchimbaji, miaka 12" hakutoshi. Alikuwa kwenye mashine ya kukata au juu kwenye ukanda wa kusafirisha makaa? Alitoboa mawe? Maji ya kuzima vumbi yalikuwa yakitoka, au vipulizio vilikuwa vimeziba? Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi kwenye machimbo ya mawe au ya dhahabu? Waliovuta silika wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kifua kikuu, hivyo kikohozi kinachopita wiki mbili, kupungua uzito au jasho la usiku lisihusishwe moja kwa moja na vumbi, makohozi yapimwe.

Masikio hupimwa pia, kwa kuwa mashine za mgodini hupita kwa urahisi desibeli 85. Uharibifu wa kelele huanzia kwenye sauti za juu, karibu na hezi 4,000, kwa hiyo mtu husikia kuongea kwa kawaida huku tayari ameshapoteza. Apimwe akiwa ametoka kupumzika, si akitoka zamu. Macho, shinikizo la damu, mgongo na mikono ya wanaoshika zana za mtetemo navyo huangaliwa.

Kinachowafanya wengi wakwepe haya yote ni hofu ya kufukuzwa, na si hofu ya bure. Mkataba wa ILO namba 161 wa mwaka 1985 unataka uchunguzi wa afya kazini uwe bure kwa mfanyakazi, usimkate mshahara, na kadiri iwezekanavyo ufanyike ndani ya saa za kazi. Taarifa za ugonjwa ni siri kati ya daktari na mfanyakazi. Mwajiri huambiwa tu kama mtu huyu ahamishwe au awekewe mipaka gani ya kazi. Marekani iliweka haki moja inayofaa kuigwa: mchimbaji aliyeonekana na dalili kwenye picha anaweza kuomba kupelekwa sehemu yenye vumbi kidogo bila kushushiwa mshahara. Pasipo haki ya namna hiyo, tusishangae watu wakificha kikohozi. Tena mgonjwa mmoja akipatikana, watu wa kuitwa haraka ni wahandisi, wakapime hewa ya pale alipokuwa akifanya kazi, maana wenzake wa zamu bado wako palepale wakiivuta.

Kuacha kazi hakufungi faili. Kovu linaweza kuendelea kukua miaka mingi baada ya mtu kutoka mgodini, na wako waliopigwa picha safi siku ya kustaafu wakagundulika baadaye. Anayeondoka, hasa kibarua wa mkandarasi anayehama mgodi hadi mgodi, aombe nakala ya kila kitu: picha zenyewe na si maelezo yake tu, grafu za kupuliza, vipimo vya masikio, na barua inayotaja kazi alizofanya na miaka yake. Akienda hospitali yoyote na kikohozi, amtajie daktari makaa ya mawe kabla hajaulizwa, kwa sababu mara nyingi hataulizwa.