"Angekuwa anaumia angelia": tunayoambiana kuhusu punda wa Lamu

Jumatatu asubuhi, gatini, nilivua shogi, ile mifuko ya mzigo ya pande mbili, mgongoni mwa punda aliyekuwa akibeba mchanga tangu alfajiri. Gunia la chini yake lilitoka na ngozi. Palikuwa na kidonda upana wa kiganja, kibichi, na nzi walikwisha kupata habari. Punda kasimama kimya kama mlingoti. Mwenyewe akaniambia, "Hana neno, daktari. Angekuwa anaumia angelia."

Maneno hayo nimeyasikia Langoni, nimeyasikia Shela, nimeyasikia Matondoni. Nimechoka nayo.

Punda halii kwa maumivu. Akilia, ni njaa, au anamwita mwenzake, au jike kapita. Maumivu huyaficha, na ana sababu. Asili yake ni nyika za mawe za kaskazini-mashariki mwa Afrika. Jamaa zake wa mwituni bado wapo Eritrea na Ethiopia. Huko anayeonekana anachechemea ndiye huliwa kwanza. Maelfu ya miaka ya kutubebea mizigo haijamwondolea tabia hiyo, kwa hiyo kimya chake hakikuambii kitu.

Yule wa Jumatatu nilimwekea stetoskopu. Moyo wa punda mzima aliyetulia hupiga kama mara 36 hadi 52 kwa dakika. Wake, baada ya nusu saa kivulini, ulikuwa 68. Nikamwonyesha mwenyewe na mengine: masikio yamelala pembeni, hayafuati sauti; mguu wa mbele anaupumzisha (wa nyuma si neno, wa mbele ni ishara mbaya); majani aliyotupiwa anayapekua tu kwa mdomo. Hilo la mwisho ndilo linalonitisha. Watu husema anakula kwa kuwa wameona kichwa kiko chini. Tazama taya, zinatafuna? Punda akikaa siku moja au mbili bila kula, mwili huanza kuyeyusha mafuta yake na kuyamwaga kwenye damu, ini likazidiwa, na hapo sindano zangu mara nyingi zimechelewa. Kidonda kilikuwa kinatibika. Kinachoua ni kule kutokula. Mji huu una kliniki ya The Donkey Sanctuary, shirika la kuhudumia punda, tangu 1987, na bado punda huletwa siku ya tatu.

Ushauri wangu ni ule ule, na walionizoea hunicheka nao: kiganja. Kila jioni, ukishavua matandiko, kipitishe kuanzia shingoni hadi mkiani. Usitazame, gusa. Ukikuta joto, unyevu, au ngozi inayocheza chini ya vidole, kidonda kiko njiani. Kikishatoka, kioshe kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita, na mzigo usipande mpaka pafunge. Oili chafu ya injini si dawa. Maji ya betri si dawa. (Nashangaa kwamba hilo nalo lahitaji kuandikwa.) Chini ya shogi tia kitambaa cha pamba kilichokunjwa, gunia la nailoni halinyonyi jasho, na huchubua kama msasa. Na hesabu mzigo: mfuko wa saruji ni kilo 50, mitatu ni karibu sawa na punda mwenyewe. Mchanga uliolowa maji ni mzito kuliko mkavu, hata kama magunia ni yale yale mawili.

"Punda ni mkaidi, dawa yake fimbo." Farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama apime kwanza, nawe ukimchapa hapo unamwongezea sababu ya kusimama. Tazama mbele yake kuna nini. Kwenye vichochoro vya Mkomani mara nyingi ni turubali linalopepea. Nayo ile methali ya fadhila ya punda ni mateke: mimi nimepigwa teke mara mbili kwa miaka yote hii, na zote mbili nilikuwa nagusa kidonda. Kama mlikuwa mnangoja kilio, ndicho hicho.

"Chuma cha moto huponya kuchechemea." Hakiponyi, kinaongeza kidonda cha pili. Kuchechemea kwingi ninakokuona hutoka kwenye kwato: kipande cha chupa, changarawe, au ukwato uliorefuka. Inua mguu utazame. Wanaonijibu kwamba ni mila, nawakumbusha hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, ya Mtume kumpita punda aliyetiwa alama ya moto usoni, akamlaani aliyemtia.

"Pepopunda huletwa na punda." Jina limetuponza. Vijidudu vyake vimo udongoni na kwenye samadi, huingilia kidondani, na punda ni katika wanyama wanaodhurika nao zaidi. Mchanje. Nawe uliyechomwa na msumari, kachanjwe.

"Mwachilie usiku, atajitafutia." Atajitafutia nailoni. Nimewahi kumpasua punda aliyekufa kwa tumbo, nikatoa fundo la mifuko na kamba za nyavu kubwa kama nazi. Marufuku ya mifuko ya mwaka 2017 imepunguza, haijamaliza.

Siku hizi vijana wanaopika kwenye nyumba za wageni wananiuliza kuhusu watu wasiokula nyama, mayai wala maziwa: hawaishiwi nguvu? Punda anayebeba mawe ya matumbawe kutwa nzima hula majani, ingawa utumbo wake si wako. Mbaazi za nazi zina protini ya kutosha, na sisi wenyewe tumekua nazo. Kinachokosekana ni vitamini B12. Asiyegusa chochote cha mnyama lazima aipate kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa.

Wageni nao huniuliza mimi, mbona unatibu wanyama na mbuzi unakula? Nakula. Ila sinunui kwa anayenoa kisu mbele ya mbuzi aliyefungwa, na kila mchinjaji wa hapa anajua dini inamwamrisha nini kuhusu kisu. Na kuku wanaoshushwa kutoka boti za Mokowe, sita sita kwa kamba moja, vichwa chini, hao nao "hawana neno" kwa kuwa wamenyamaza. Kuku hana kiwambo kati ya kifua na tumbo. Akining'inizwa, matumbo yote huegemea vifuko vya hewa, ndiyo maana mdomo uko wazi. Zamani walisafiri ndani ya tenga. Matenga bado yanasukwa.